Walimu wa Visiwani Waende Meru

Maji yanayoteremka kutoka Mlima Meru hayaishii Arusha. Mto Themi, unaokatisha katikati ya jiji hilo, huungana na mito mingine ya miteremko ya Meru na kuingia Kikuletwa; Kikuletwa huingia katika bwawa la Nyumba ya Mungu; na kutoka hapo Mto Pangani huyapokea maji hayo, pamoja na yale ya Kilimanjaro, na kuyafikisha baharini katika mji wa Pangani, pwani ambayo si ngeni kwa wavuvi wetu wa Nungwi na Mkokotoni. Kabla ya kufika huko maji hayo huzungusha mitambo ya umeme ya Nyumba ya Mungu, Hale na Maporomoko ya Pangani. Umeme huo huingia katika gridi ambayo Unguja imeungana nayo tangu mwaka 1980, na Pemba tangu mwaka 2010, kwa nyaya zilizolazwa chini ya bahari. Kwa hiyo mtu anayewasha taa Chake Chake ana haki, japo ndogo, ya kuuliza habari za msitu wa Meru.

Tumeanza na habari ya mto kwa kuwa tunataka kuzungumzia walimu. Kwa muda mrefu sasa elimu ya mazingira imekuwa ikitajwa katika sera, katika hotuba na katika sherehe za kupanda miti. Mtaala wa elimu ya msingi wa Tanzania Bara ulioanza kutumika mwaka 2024 umeliingiza neno hilo hata katika jina la somo. Hayo ni mema. Lakini somo haliwezi kufika mbali zaidi ya pale alipofika mwalimu wake, na mwalimu wa kawaida wa skuli zetu, yule mwenye darasa la watoto wengi na chaki nusu boksi, hakufunzwa somo hili. Alipewa kitabu. Aliambiwa alichopeye somo ndani ya jiografia, ndani ya sayansi, ndani ya Kiswahili. Anafanya hivyo kwa moyo wake, akisoma sentensi zinazosema kwamba mazingira ni vitu vyote vinavyotuzunguka, na watoto wanazikariri.

Rai yetu ni kwamba nafasi za mafunzo ziwepo, ziwe za kweli, na ziwafikie walimu hawa wa darasani. Na mahali pa kuzitafuta kwanza ni Arusha.

Wako watakaoshangaa kwa nini gazeti la visiwani linawapeleka walimu wake mlimani. Historia peke yake ingetosha kuwajibu. Ni Arusha, mwezi Septemba 1961, miezi michache kabla ya Uhuru, ambako Mwalimu Julius Nyerere alitoa tamko juu ya wanyama na mbuga za Tanganyika, akasema kwamba kazi ya kuzihifadhi inadai ujuzi maalumu, watu waliofunzwa na fedha. Mwaka 1963 Chuo cha Mweka kikafunguliwa upande wa Kilimanjaro, na mpaka leo kinafundisha mabwana nyama kutoka sehemu nyingi za Afrika. Mwaka 1967 ulikuja na Azimio la Arusha mwezi Februari na Elimu ya Kujitegemea mwezi uliofuata. Mwaka 1977 mataifa yalikutana Tbilisi, katika Umoja wa Kisovieti wa wakati ule, yakakubaliana kwamba elimu ya mazingira si somo la kuongeza pembeni bali ni njia ya kufundisha masomo yote. Mwaka 1980 zikaanzishwa Klabu za Malihai kwa ajili ya vijana wa mashuleni, na makao yake yakawa Arusha.

Tukizitazama tarehe hizo kwa makini tutaona pengo. Bwana nyama alipata chuo miaka miwili baada ya tamko. Bwana misitu alikuwa na chuo chake Olmotonyi, chini ya Meru, tangu mwaka 1937. Mwanafunzi alipata klabu. Mwalimu hakupata kitu kilicho chake. Alipewa shamba la skuli, na shamba lile, ambalo Elimu ya Kujitegemea ililikusudia liwe darasa, mahali pengi likageuka kuwa adhabu ya wachelewaji na chakula cha wageni. Hatusemi hivyo kwa kejeli. Tunasema kwa kuwa mwalimu aliyepewa jembe bila ya kufundishwa namna ya kulifanya jembe lizungumze hakuwa na la kufanya zaidi ya kuhesabu matuta.

Sasa tuitazame Arusha ilivyo. Katika eneo ambalo mtu anaweza kulizunguka kwa gari bila ya kulala njiani kuna Hifadhi ya Taifa ya Arusha, iliyoanza mwaka 1960 kwa jina la Ngurdoto na kupanuliwa baadaye hadi kuuchukua mlima wenyewe. Kuna Olmotonyi na misitu yake ya kupandwa. Kuna kituo cha utafiti wa mboga na matunda Tengeru. Kuna Taasisi ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela hapo hapo Tengeru. Kuna chuo cha ualimu Patandi. Kuna makao makuu ya Hifadhi za Taifa. Na zipo hizo Klabu za Malihai. Hatujui sehemu nyingine ya nchi hii iliyojaaliwa kiasi hicho. Kinachokosekana ni mtu wa kuviunganisha vyote hivi na kumwandikia mwalimu barua ya mwaliko.

Na hapa ndipo penye tatizo linalotuhusu sisi wa visiwani. Elimu ya msingi na ya sekondari si jambo la Muungano. Mazingira, hali kadhalika, si jambo la Muungano. Mamlaka ya hifadhi za taifa inafanya kazi yake Bara. Kwa hiyo nafasi ya mafunzo inapotokea Arusha hupita katika njia za Bara, kutoka ofisi hadi mkoa, kutoka mkoa hadi halmashauri, na hakuna afisa yeyote ambaye sheria inamlazimisha kuivusha bahari. Hakuna aliyetenda kosa. Kila mmoja amefanya kazi ndani ya mipaka yake. Lakini mwalimu wa Micheweni hapati habari. Kichekesho, kama neno hilo linafaa hapa, ni kwamba katika Serikali ya Muungano mambo ya Muungano na mambo ya mazingira yamewekwa katika ofisi moja, chini ya Makamu wa Rais. Ofisi yenye majina yote mawili mlangoni ingetarajiwa kuwa ya kwanza kuliona jambo ambalo ni la mazingira na pia linahitaji pande mbili kuzungumza. Kwa upande wetu, Wizara ya Elimu na Mafunzo ya Amali na Mamlaka ya Usimamizi wa Mazingira Zanzibar hazihitaji kungoja kualikwa. Zinaweza kubisha hodi.

Tunajua pingamizi litakalotolewa na wenye busara miongoni mwa wasomaji wetu. Watasema: sisi tuna bahari, matumbawe, mikoko, Jozani, Ngezi, kwa nini mwalimu wetu aende kutazama mlima ambao wanafunzi wake hawatauona? Pingamizi hilo lina uzito na linastahili jibu la uhakika.

Jibu liko katika maji. Unguja na Pemba, maji yetu mengi yamejificha. Mvua inanyesha, inazama katika mawe ya matumbawe, na mtu haioni tena mpaka ichotwe kisimani au itoke katika chemchemi. Seyyid Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, alileta maji mjini kutoka chemchemi za upande wa Bububu, na tangu hapo wakazi wa mjini wamezoea kuyaona maji kama kitu kinachotoka katika bomba. Mtoto wa Makunduchi anajua kwamba kisima fulani kimeanza kuwa na chumvi, lakini kisa cha chumvi ile kiko chini ya miguu yake, gizani. Mwalimu wake atamweleza kwa mchoro ubaoni, na mchoro huo yeye mwenyewe hakuwahi kuuona ukiwa hai.

Meru iko wazi kama kitabu kilichofunuliwa. Kwa siku moja mwalimu anaweza kuanza juu, ndani ya msitu wenye ukungu ambamo majani yanadondosha maji hata siku isiyokuwa na mvua. Atashuka na kijito. Atafika kwenye mifereji ambayo Wameru na Waarusha wameichimba kwa vizazi vingi kupeleka maji katika migomba na kahawa, na ataambiwa nani ana zamu leo na nini humpata anayefungua maji si zamu yake. Atapita mashamba makubwa ya maua na mboga ambayo nayo yanataka maji yale yale. Ataingia jijini, ataiona Themi ikipita kati ya nyumba, gereji na masoko, na atayaona yaliyotupwa ndani yake. Akitaka kuendelea, jioni atakuwa nyanda za chini upande wa kusini ambako wakulima wanasubiri kitakachobaki. Msitu, mfereji, shamba, mji, takataka, ugomvi: mnyororo mzima kwa mwendo wa siku moja. Mwalimu aliyekwisha kuuona mnyororo huo juu ya ardhi ataweza kurudi Makunduchi na kuuchora ule uliozikwa, na safari hii mchoro wake utakuwa na ushahidi wa macho.

Kuna na somo jingine ambalo Meru inalitoa bila ya kulitaka. Kwenye barabara ya kutoka Moshi, karibu na njia panda ya kwenda hifadhini, kuna mahali panapoitwa Maji ya Chai. Jina limetokana na rangi ya mto. Meru ni mlima wa volkano, uliotoa moto wake wa mwisho mwaka 1910, na mawe yake yana madini ya floridi ambayo huyeyuka ndani ya maji. Shirika la Afya Duniani linashauri maji ya kunywa yasizidi miligramu 1.5 za floridi kwa lita. Tanzania yenyewe kwa miaka mingi ilivumilia hadi miligramu 4. Na vipo vijito na visima pande hizo vinavyokipita kiwango hicho cha pili kwa mbali. Matokeo yake yanaonekana katika meno ya watoto, yenye madoa ya kahawia, na kwa wengine katika mifupa iliyopinda ya miguu. Wizara ya Maji imekuwa na kituo Ngurdoto kinachochunguza namna ya kuiondoa floridi, na mojawapo ya njia zake ni kuyachuja maji kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe.

Mtoto kama huyo anapokaa mbele ya mwalimu asiyefunzwa, anaweza kuambiwa akapige mswaki. Anaweza kuchekwa, na mwalimu akacheka pia. Mbele ya mwalimu aliyefunzwa, meno yale yale yanakuwa mlango wa somo: mlima umeundwaje, maji yamepita wapi, kwa nini kijiji kimoja kina madoa na cha jirani hakina, mfupa uliochomwa unaweza kufanya nini ambacho mkaa wa mti hauwezi. Hapo ndipo kemia, jiografia na afya zinapokutana bila ya kulazimishwa, kama walivyokusudia wale wa Tbilisi. Muhimu zaidi ni kwamba mtoto anaondoka darasani akijua kuwa hakukosa kitu. Hiyo ndiyo tofauti tunayoizungumzia tunaposema mafunzo. Na mwalimu wetu aliyeiona Maji ya Chai hatashindwa kulitazama upya bonde la mpunga la Pemba lililoingiliwa na maji ya bahari, au kuwauliza akina mama wa Paje na Jambiani kwa nini mwani mnene, ulioanza kulimwa mwaka 1989, sasa unakufa pale maji yanapopata joto. Swali ni lile lile. Mahali ndipo palipobadilika.

Tuseme neno pia juu ya yale yatakayofundishwa, maana si kila mafunzo ni mema. Nchi ya Wameru ina kumbukumbu kali kuhusu ardhi. Mwaka 1951 serikali ya kikoloni iliwahamisha kwa nguvu wakazi wa Ngare Nanyuki ili kuwapisha walowezi, na mwaka 1952 Kirilo Japhet alikwenda New York kuwasilisha malalamiko yao mbele ya Umoja wa Mataifa. Watu wenye kumbukumbu kama hiyo hawavutiwi na mkufunzi anayewaeleza kwamba tembo na mbega wana haki huku yeye akisahau kutaja haki zao. Wakulima wa jirani na Jozani, ambao kima punju wamekuwa wakila mazao yao, wanaelewa jambo hili vizuri kuliko maofisa wengi. Kwa hiyo mafunzo yasije kuwa mahubiri ya kumlaumu mwanakijiji kwa kukata kuni. Yamfundishe mwalimu kuuliza nani anakata, kwa nini anakata, nani ananunua, na mkaa unapakiwa usiku kwenda wapi. Maswali hayo yatawaudhi baadhi ya wakubwa. Mwalimu anayeyauliza ahifadhiwe.

Sasa tuje kwenye gharama, ambako mapendekezo mengi mazuri hufia. Zanzibar ina wilaya 11. Walimu wawili kila wilaya ni walimu 22, idadi inayoingia katika basi moja dogo. Wiki mbili za likizo ya mwezi Juni au Disemba zingetosha kwa kuanzia. Mwalimu wa Micheweni atapanda gari hadi Mkoani, meli hadi Unguja na Dar es Salaam, kisha basi hadi Arusha. Ni safari ya siku mbili au zaidi, na nauli hiyo hawezi kuitoa katika mshahara wake. Nauli, malazi na chakula vilipwe na Serikali. Hatuamini kwamba Serikali inayoweza kugharimia semina za hotelini itashindwa na hili.

Tumezitaja semina za hotelini, na hatuna budi kuongeza. Sote tunaujua ugonjwa wa posho. Nafasi ya mafunzo ya walimu inapotangazwa, jina la kwanza katika orodha ni la ofisa wa wilaya, la pili ni la mkaguzi, la tatu la mwalimu mkuu aliyebakiza miaka miwili kustaafu. Wanakwenda, wanarudi na mkoba wenye nembo, na darasa linabaki lilivyokuwa. Tunapendekeza sharti moja tu lisilokuwa na msamaha: asiende mtu yeyote asiyefundisha vipindi kila wiki. Nusu yao wawe wanawake, kwa kuwa skuli zetu za msingi zinasimama juu ya mabega yao. Na kwa ajili hiyo malazi yapangwe kwa heshima, mwenye mtoto mchanga aruhusiwe kuja naye pamoja na mlezi, na ratiba isiangukie mwezi wa Ramadhani. Mambo haya huonekana madogo kwa wapangaji. Kwa mwalimu wa kike wa Kojani ndiyo yanayoamua kama atakwenda au ataandika kwamba anaumwa.

Wakirudi, walimu hao wasiachwe wakiwa pekee, kila mmoja katika skuli yake. Vituo vya walimu tunavyo. Kila aliyekwenda apewe siku chache kila muhula awafundishe wenzake wa wilaya, na vipindi vyake vya skuli vipate mtu wa kuvishika. Bila ya siku hizo, zilizoandikwa na kutiwa saini na mkuu wa elimu wa wilaya, tutakuwa tumewapeleka matembezi.

Wala isidhaniwe kwamba sisi ni wa kupokea tu. Kisiwa cha Chumbe, ambacho matumbawe yake yalitangazwa kuwa hifadhi mwaka 1994, kimekuwa kikiwachukua wanafunzi na walimu wetu na kuwaonesha chini ya maji yale ambayo babu zao walikuwa wakiyaona kwa kuchungulia tu. Misali kuna wavuvi ambao hifadhi ya bahari imezungumzwa nao kwa lugha ya dini yao, na wakaielewa. Mwalimu wa Usa River au Oldonyo Sambu hajui mahali unapoishia mfuko wa plastiki uliotupwa Themi miaka ile kabla Bara haijaipiga marufuku mifuko hiyo, mwezi Juni 1, 2019. Zanzibar ilitangulia kuipiga marufuku, mwaka 2006, na tuna la kuwaeleza kuhusu yaliyofuata, pamoja na namna mifuko ilivyoendelea kuingia kwa magendo. Walimu 22 wa Meru na Arusha wangekuja visiwani mwezi ule ule ambao wetu wanakwenda kwao, wakakaa katika nyumba za wenzao. Gharama ya malazi ingepungua kwa pande zote mbili, na urafiki ungebaki.

Baraza la Wawakilishi litaijadili bajeti ya Wizara ya Elimu kama kila mwaka. Kabla ya hapo tunazitaka ofisi mbili, ya elimu Zanzibar na ile ya Muungano na Mazingira, zikae meza moja na wenyeji wa Arusha na kuandika mambo matatu: tarehe, idadi ya walimu, na kifungu cha fedha kitakachowalipia. Yakishaandikwa tutayachapisha katika ukurasa huu, pamoja na orodha ya skuli zitakazotoa walimu, ili kila mzazi wa shehia husika ajue mwalimu wa mwanawe amekwenda wapi na anatarajiwa kurudi na nini.